Namba Tisini kwenye Skrini

Ijumaa, 1 Machi

Leo nimetimiza siku ishirini na tatu za kuwa mke wa mtu, na bado kila nikiandika "mume wangu" nasimamisha kalamu nitazame maneno yalivyokaa. Mume wangu. Mume wangu! Basi, yatosha, daftari lisije likadhani limeangukia mikononi mwa mwendawazimu.

Nimelinunua kwa sababu msimu huu sitaki kuusahau hata siku moja. Mvua zimeanza jana, na kuanzia wiki ijayo mimi na yeye tutafanya kazi chini ya paa moja. Mume wangu ni fundi mitambo katika ukumbi wa mikutano: taa, maiki, na skrini kubwa kuliko ukuta wa nyumba yetu. Watu wa kompyuta wameukodi ukumbi kwa makongamano manne, kila baada ya wiki mbili, na safari hii wametenga chumba cha watoto, ili wenye watoto wadogo waje nao, wawaache humo, wakasikilize hotuba. Walitafuta msaidizi. Mimi baada ya kumaliza kidato cha nne nililea watoto mwaka mzima kwenye chekechea. Mume wangu akapeleka jina langu, nimepata!

Wifi yangu alikuja jioni, akacheka hadi akashika mbavu. "Bi harusi, unakwenda kubadilisha nepi za watoto wa watu na wako hujamzaa?"

"Nafanya mazoezi, wifi."

"Mazoezi wapi! Unamfuata kaka yangu asikuponyoke."

Kaka yake alipaliwa na chai. Lakini mama mkwe alipopiga simu kuniuliza ni kazi gani, nilimwambia nimepata kazi "kwenye teknolojia". Nepi sikuzitaja. Naona haya kuliandika hili, ila ndivyo nilivyosema.

Jumatano, 6 Machi

Maandalizi. Chumba chetu kiko mwisho wa korido, ngazi kumi na mbili chini ya ukumbi. Tumetandika magodoro membamba, tumeziba soketi zote kwa vizibo vya plastiki, tumepanga matofali ya kuchezea. Mkuu wangu ni mama mtu mzima tunayemwita Mwalimu, aliyefundisha watoto wadogo miaka mingi. Ana miwani kwenye kamba na sauti ya kukata kamba. Kila robo saa anahesabu vichwa na kuandika. Hata leo, chumba kikiwa kitupu, alinihesabisha.

"Sifuri, Mwalimu."

"Andika sifuri."

Nikaandika. Mume wangu nilipomhadithia alicheka mpaka akakaa chini.

Utaratibu ni huu. Mtoto akifika anafungwa mguuni kikuku cha karatasi ngumu chenye namba, na mzazi anafungwa mkononi kingine cha namba hiyohiyo. Bila namba kulingana, mtoto hatoki. Na mtoto akilia asinyamaze, hatuendi kupiga kelele ukumbini. Tunaandika namba yake kwenye kompyuta ndogo iliyo mezani kwetu, na palepale namba inatokea kwenye kona ya skrini kubwa. Mzazi anaiona, anainuka kimya kimya, anakuja. Nyuma ya ukumbi, kwenye meza ya mitambo, kuna mtu anayeifuta namba hiyo. Mtu huyo ni nani? Mume wangu! Na mpango wote ameubuni yeye! Vikuku vyetu ni vya namba moja hadi arobaini.

Mwalimu alisema chumba hiki ni cha majaribio. Msimu ukiisha, kamati itaamua kama kiendelee. "Wengine wanasubiri tuteleze," alisema. Naona ana dhana mbaya juu ya kila mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Watoto kumi na mmoja. Kuna binti wa miaka minne, tumempa jina Profesa, ambaye alisimama juu ya tofali, akapulizia kijiko, akauliza, "Mnanisikia huko nyuma?" Halafu, "Maswali?" Mtoto mwenzake akasema anataka maji. Profesa akamjibu, "Swali zuri sana."

Kuna kitoto cha miezi saba, kinene, mikono imejikunja kama mkate uliofungwa uzi. Kibonge. Mama yake ni mtaalamu wa kompyuta, mwembamba, macho yamechoka. Alimwacha, akatoka, akarudi. Akatoka, akarudi. Mara sita! Mwalimu hakumkemea hata mara moja. Kila alipofungua mlango alimwambia, "Huyu hapa. Tazama. Nenda."

Saa ya mapumziko mume wangu alinivuta nyuma ya mapazia akaniambia, "Ukinikumbuka, andika tisini."

"Tisini?"

"Hakuna mtoto wa namba tisini. Hakuna atakayeinuka. Nitakayejua ni mimi tu."

"Kwa nini tisini?"

"Kwa sababu nataka kuishi na wewe mpaka nifike miaka tisini."

Ee daftari! Nani anaolewa na mtu kama huyu? Mchana, Mwalimu alipokwenda kuosha chupa, niliandika tisini. Baada ya sekunde chache simu ya mezani ikalia mara moja, ikakata. Lilikuwa jibu lake. Nilijifunika uso kwa taulo la watoto.

Ijumaa, 8 Machi

Tisini mara tatu. Mwalimu anadhani simu ni mbovu.

Jumapili, 17 Machi

Mvua siku nzima. Tulilala, tukaamka, tukapika pamoja, tukaunguza wali, tukaula hivyohivyo.

Ijumaa, 22 Machi

Kongamano la pili limekwisha. Watoto kumi na wanne jana, kumi na tisa leo. Wazazi wanaambiana.

Mama Kibonge leo alikuja kuchungulia mara moja tu. Alipomchukua mtoto jioni alisimama mlangoni kama mtu anayetafuta neno. "Leo nimesikiliza hotuba nzima," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Mara ya kwanza tangu azaliwe." Kisha akatuambia kongamano lijalo atahutubu yeye. Yeye na wenzake wametengeneza kifaa cha kutambua friji za chanjo zinazopoteza baridi katika zahanati za mbali. Kati ya wazungumzaji kumi, watatu watachaguliwa kazi zao zijaribiwe mwaka mzima. Dakika ishirini tu.

"Utafanya vizuri," Mwalimu alimwambia. "Huyu atakuwa hapa, analala."

Mimi nami leo nimekemewa. Niliandika tisini mara tano, na mara ya tano Mwalimu akanikuta natabasamu na ukuta. "Binti, hesabu vichwa."

"Kumi na tisa, Mwalimu."

"Umehesabu au umeota?"

Nilikuwa sijahesabu. Nilihesabu upya. Walikuwa kumi na tisa kweli, lakini masikio yalinichoma. Roho yake ngumu mama huyu. Nadhani hajawahi kupendwa.

Jumatano, 3 Aprili

Mwalimu kaongea muda mrefu kuhusu vikuku vipya; wazazi wengi wamekwenda navyo nyumbani, kwa hiyo kuna mabadiliko, sikushika vizuri, nilikuwa nasoma ujumbe wa mume wangu chini ya meza. Ameniita nyota yake ya mchana. Mchana, si usiku! "Usiku nyota ni nyingi," ameandika.

Alhamisi, 4 Aprili

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 5 Aprili

Watoto watano tu. Kibonge hakuja.

Jumamosi, 6 Aprili

Mume wangu ametoka kutafuta nyaya. Niko peke yangu, na nitaandika yote, maana kama si hapa sijui nitayasemea wapi.

Alhamisi asubuhi mvua ilimwagika kama imefunguliwa bomba. Mimi na mume wangu tulikuwa na mwavuli mmoja. Wa pili upo, tuliuacha makusudi. Tulitembea polepole, tukasimama chini ya kibaraza cha duka tukicheka mambo ya kijinga. Yeye alifika kazini dakika tano kabla ya kufunguliwa milango ya ukumbi. Mimi nilitakiwa kufika saa moja kabla. Nilipoingia, Mwalimu alikuwa amepokea watoto ishirini na sita peke yake, amewafunga vikuku peke yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Vua viatu vyenye maji, wasiteleze." Hotuba zilipokwisha kuanza, akaenda kumsafisha mtoto aliyetapika.

Kibonge alikuwa amelala kwenye godoro la pembeni, amevalishwa soksi ndefu. Chumba kilikuwa kimetulia. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Nikawaza mwavuli ule. Nikaandika tisini.

Ningemsikiliza Mwalimu Jumatano ningejua. Kwa sababu vikuku vya zamani vimezagaa majumbani kwa watu, na mtu yeyote angeweza kuja na kikuku cha zamani akatoka na mtoto asiye wake, Mwalimu aliagiza vipya vyenye namba ambazo hazijawahi kutumika. Kuanzia sitini na moja hadi mia moja. Chini ya soksi ile ya Kibonge kulikuwa na namba tisini.

Mama yake alikuwa jukwaani. Dakika ya sita. Mbele ya mzungumzaji kuna skrini ndogo sakafuni inayomwonyesha kile wanachokiona watu. Aliiona namba. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba alinyamaza katikati ya neno, akasema "Samahani," akaachia maiki ikaanguka ikapiga kishindo kwenye spika zote, akakimbia.

Mume wangu hakuifuta namba mapema. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa ananyoosha mkono apige simu yetu.

Simu ikalia mara moja, ikakata. Nami nikatabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu! Kisha nikasikia miguu kwenye ngazi, mlango ukafunguka kwa nguvu, Mama Kibonge yuko mbele yangu, kiatu kimoja mguuni, goti linatoka damu, na uso ambao sijawahi kuuona kwa mtu aliye hai. Alikwenda moja kwa moja kwenye godoro, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

Kibonge akaamka, akalia kwa hasira ya kukatizwa usingizi.

"Ana nini?" mama akauliza. "Amepatwa na nini?"

"Hana kitu," Mwalimu alisema, akitoka na taulo mkononi. "Alikuwa amelala. Nani amekuita?"

"Namba yangu iko kwenye skrini!"

Mwalimu akanitazama. Mama Kibonge akanitazama. Hata Profesa aliacha matofali yake akanitazama. Nami nikasema, kwa sauti yangu hii hii niliyomjibia mume wangu mbele ya mashahidi, "Labda mtoto amechezea kompyuta."

Mwalimu akaigeukia meza. Nikaona uso wake unabadilika polepole. "Mimi ndiye niliyeiacha wazi," akasema. "Nilikwenda kwa yule anayetapika, sikufunga kifuniko. Mama, nisamehe. Kosa ni langu."

Nafasi ilikuwapo hapo. Ilikuwa pana kama mlango. Sikupita.

Mama Kibonge alipopanda tena, dakika zake zilikuwa zimekwisha na mzungumzaji mwingine yuko jukwaani. Kuna mtu ukumbini alikuwa amesema, "Ameitwa akanyonyeshe," na watu wakacheka. Mume wangu alisikia. Anasema walikuwa wengi waliocheka.

Jumapili, 7 Aprili

Mume wangu anasema tunyamaze. "Hakuna aliyeumia. Itapoa. Nina miezi minne tu kazini, mke wangu, wakijua wananitimua."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu ni mtu mzima, watamwelewa."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Sikuwahi kujua kwamba mume wangu naye huogopa. Nampenda. Lakini jana niliposoma yale aliyoniandikia kuhusu nyota, niliyasoma harakaharaka kama barua ya mtu mwingine.

Jumatatu, 8 Aprili

Katibu wa kamati ametuita mimi na Mwalimu. Ni bwana mpole anayesema mambo mabaya kwa sauti nzuri. Kamati itakaa Ijumaa. Inafikiria kukifunga chumba kabla ya kongamano la mwisho. "Baadhi ya wajumbe wanasema huu ni ukumbi wa mikutano, si chekechea," akasema. "Walituambia mwanzoni watoto na hotuba haviendi pamoja. Sasa wana mfano."

Mwalimu akatoa bahasha mkobani. "Chumba hakina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Niondoeni mimi, chumba kibaki."

Katibu akapokea. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Sikula.

Jumatano, 10 Aprili

Nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa nimekariri maneno njia nzima. Nyumba yake ni vyumba viwili, safi, redio inaongea peke yake. Alifurahi kuniona! Alinipa kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye kisichokuwa nacho.

"Umekonda, bi harusi. Mume hakulishi?"

"Ananilisha, Mwalimu."

"Usijilaumu kwa kuchelewa siku ile. Nami nilikuwa mwali." Akacheka kidogo. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Kabla ya kufundisha watoto, Mwalimu alikuwa akifanya kazi na mashine za kompyuta, zile za mwanzo, kubwa kama kabati. Alikuwa mmoja wa wanawake wawili katika jengo zima. Alipojifungua alimlaza mtoto kwenye kasha la karatasi chini ya meza yake kwa wiki tatu, mpaka mkubwa wake alipomkuta. "Akaniambia nichague. Marehemu mume wangu alikuwa safarini, mama yangu mgonjwa. Nikachagua, na sijutii, mwanangu yule sasa ana watoto wake. Lakini nilipoambiwa kuna chumba kama hiki, nilikuja mbio hata kabla ya kuuliza nitalipwa nini."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Jana nimekwenda kupimwa macho. Kesho nakwenda kwa daktari. Maana mimi nakumbuka nilikifunga kile kifuniko, binti. Mikono yangu inakumbuka. Na kama mikono inakumbuka jambo ambalo halikuwa, basi si salama tena niachiwe watoto."

Alikuwa amekifunga! Alikifunga kabla ya kwenda kwa mtoto aliyetapika. Niliyekifungua ni mimi. Nimeandika kule juu kwamba nilikuta kompyuta iko wazi. Hata wewe, daftari, nimekudanganya.

Yale maneno niliyoyakariri yote yalikauka. Nilikunywa chai yake. Nikaaga. Alinisindikiza hadi barabarani na mwavuli wake, akarudi amelowa.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemwambia mume wangu kwamba kesho nitakwenda mbele ya kamati.

"Utasema nini? Kwamba tulikuwa tunatumiana mapenzi kwenye skrini ya watu?"

"Ndiyo."

"Unajua watakavyocheka?"

"Walishamcheka mwenzangu."

Akaenda kusimama dirishani. Nilingoja aseme "twende wote." Nilingoja hadi chai ikapoa. Alisema, "Fanya unavyoona," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefanya.

Wajumbe walikuwa sita, meza ndefu, chupa za maji. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni amevaa vizuri, kama anayekwenda harusini. Niliomba kusema kabla hawajaanza. Nilishika kiti.

"Namba tisini niliandika mimi," nikasema. "Hakuna mtoto aliyegusa kompyuta. Mwalimu alikuwa ameifunga. Nilikuja mimi nikaifungua."

Katibu akaweka kalamu chini. "Kwa nini uliandika namba ya mtoto aliyelala?"

"Sikujua ni namba ya mtoto. Ilikuwa... ilikuwa na maana nyingine."

"Maana gani?"

Nikatazama ukuta. "Maana yake ninamkumbuka mume wangu."

Mjumbe mmoja mwenye tai nyekundu akauliza, "Samahani, rudia?"

"Ninamkumbuka mume wangu. Ndiye fundi mitambo. Nikiandika tisini, anaiona."

"Kwa nini tisini?" akauliza tena yule wa tai, na midomo yake ilikuwa inapigana na kicheko.

"Kwa sababu anataka tuishi pamoja mpaka miaka tisini."

Wakacheka. Si wote, lakini walicheka. Jambo tamu kuliko yote niliyowahi kuambiwa, likalala pale mezani kati ya chupa za maji kama nepi chafu. Katibu peke yake hakucheka. "Mara ngapi?"

"Kongamano la kwanza mara nne. La pili mara nane. La tatu mara moja."

"Na siku nane hizi ulikuwa wapi?"

Nilimgeukia Mwalimu. Nilitaka anikaripie kwa ile sauti yake. Hakunikaripia. Alikuwa ameweka mkono wake wa kulia juu ya meza, anautazama, anaugeuza huku na huku.

"Nilikifunga," akasema, kama anayeongea na mkono. "Nilikifunga kumbe." Kisha akanitazama. "Binti, mwanangu ameshanitafutia mtu wa kukaa na mimi nyumbani. Nimewaambia wanangu nimeanza kupotea. Umeniona juzi. Umekunywa chai."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kaa chini," akasema. "Usianguke hapa."

Nimeachishwa kazi papo hapo, na ni haki. Bahasha ya Mwalimu wamemrudishia. Chumba kitakuwapo kongamano la mwisho, na Mama Kibonge atapewa dakika zake ishirini zote upya, awe wa kwanza asubuhi. Hilo alilidai Mwalimu, akiwa amesimama, na hakukaa mpaka likaandikwa.

Nilirudi kwa miguu kwenye mvua. Mume wangu hakuuliza kitu, nami sikueleza.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo mume wangu aliondoka mapema. Mchana alirudi, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. "Nimekwenda kwa Katibu," akasema. "Nimemwambia wazo lilikuwa langu. Na kwamba nilichelewa kuifuta kwa sababu nilikuwa nachekacheka."

"Amekufukuza?"

"Ameniondoa kwenye skrini. Nitabeba viti na nyaya mpaka msimu uishe." Akainamisha kichwa. "Ningekuja Ijumaa. Nilifika hadi getini. Nilisikia wanacheka, nikageuka."

Nilitaka kukasirika. Nilikasirika. Kisha nikamvua koti, maana lilikuwa linachuruzika sakafuni, na tukakaa vile, watu wawili wanaoonana kwa mara ya kwanza bila mapazia. Si mwanamume niliyekuwa nikimwandika humu mwezi Machi. Ni mwingine. Nadhani nimeolewa na huyu.

Wifi amekwishasikia habari. Nilitegemea kejeli. Alinitumia maneno matatu tu: "Umekula kitu, wifi?"

Jumatano, 17 Aprili

Nilimfuata Mama Kibonge ofisini kwake. Alitoka kunikuta kwenye ngazi, hakunikaribisha ndani. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amelala, shavu limebonyea. Goti lake bado lina bandeji.

Nilisema yote.

"Zile ngazi ni kumi na mbili," akasema nilipomaliza. "Unajua? Nilipofika ya tatu nilikuwa nimeshamwona amekabwa na kitu kooni. Ya saba, nilikuwa najiuliza nitamwambiaje baba yake. Ya mwisho nilikuwa nimeshamzika. Nimemzika mwanangu, dada, kwa sababu wewe ulikuwa na furaha."

"Nisamehe."

"Leo siwezi." Alisema bila ukali, kama anayenieleza duka limefungwa. "Kesho nahutubu. Nitahutubu naye mgongoni hivihivi. Wacha wacheke."

"Lakini Mwalimu..."

"Mwalimu simlaumu. Ni chumba. Nikikifikiria, pumzi inakata."

Kwa hiyo nimekiokoa chumba, na mama ambaye hasa kiliwekwa kwa ajili yake hatakitumia. Sikulia mbele yake. Angalau hilo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeshinda ndani. Mvua imekatika saa mbili, mara ya kwanza wiki hii, nikatoa nguo nje. Kila dakika nilitazama saa. Saa tatu ilipofika nilijua amesimama. Saa tatu na dakika sita nilikaa chini.

Mume wangu amerudi saa kumi na moja, mabega yamechubuka kwa viti. Nikamwuliza, "Alimaliza?"

"Alimaliza. Zikabaki dakika mbili. Akaulizwa maswali akajibu yote."

"Mtoto alilia? Mgongoni?"

Hapo akasita, akajifanya anafungua viatu. Nikajua kuna kitu. "Niambie."

"Hakuwa mgongoni."

"Alikuwa wapi?"

"Nilikuwa napitisha viti kwenye korido ile ya chini," akasema. "Nikamwona amekuja na mtoto, amesimama mbele ya mlango wa chumba chenu. Amesimama muda mrefu. Mwalimu akatoka. Hawakusalimiana. Mama Kibonge akauliza neno moja tu."

"Neno gani?"

"Mke wangu..."

"Liseme."

"Aliuliza, 'Yupo?' Mwalimu akasema, 'Hayupo.' Ndipo akafungua kanga, akamshusha mtoto, akampa."

Nilikwenda nje kuanua nguo. Zilikuwa zimekauka. Nilizikunja moja moja, mashati yake, magauni yangu, huku uso unawaka kama niliyepigwa kofi, na nikihisi kitu kingine chini ya huko kuwaka, ambacho sistahili kukiita furaha. Niliporudi ndani nilimwomba anisimulie tena tangu mwanzo. Akasimulia, na alipofika pale mlangoni hakuruka kitu.